Herufi Zilizopinda

Kioo cha kidude kilizima Katibu akiwa bado hajamaliza kumtania mteja. Alikuwa ameandika, "Mwambie mama huyu kichwa chake ni cha watu wawili, kwa hiyo", na mke wake, Msusi, alikuwa akisoma kwa sauti, vidole vikiwa bado ndani ya nywele za mteja, chumba kizima cha ususi kikisubiri mwisho wa utani. Mwisho haukuja. Msusi akakichukua kile kidude, akakipigapiga kiganjani, akakichomeka kwenye umeme. Kikaamka, kikatoa mwanga hafifu, kikazima tena.

"Kwa hiyo nini?" mteja aliuliza, naye keshaanza kucheka.

"Kwa hiyo ulipe mara mbili," Msusi alijibu, akijua kabisa kwamba Katibu hakutaka kusema hivyo. Mumewe hakuwa mtu wa utani mwepesi namna ile. Akamtazama pale kwenye kiti chake pembeni ya dirisha, mate yakimchuruzika upande wa mdomo uliolala, akaona alivyokikodolea macho kioo cheusi.

Kidude chenyewe kilikuwa kompyuta ya kiganjani, ya zile za zamani kabla simu hazijameza kila kitu: nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, kioo cha kijivu, na kalamu ya plastiki isiyo na wino. Watu wengi walizitia kabatini wakazisahau. Katibu hakuisahau yake. Alikuwa katibu wa chama cha watu wanaozipenda mashine hizo, na jina hilo likamganda hata nyumbani. Kisha kiharusi kikampiga. Kilimchukua mkono na mguu wa kulia, kikamchukua na ulimi, akili kikaiacha nzima. Hapo kwenye akili ndipo watu walipokuwa hawaamini.

Mkono wa kushoto ulibaki, lakini haukuwa mkono wa kujivunia. Akipewa karatasi, maneno yalipandana mpaka yakawa fundo la uzi. Akipewa simu, kidole kiliyumba hewani kikagusa kila kitu isipokuwa herufi aliyoitaka. Kwenye ile mashine, herufi zote huandikwa mahali pamoja, moja juu ya nyingine, kila moja kwa mpigo mmoja wa kalamu. A, kwa mfano, ni paa la nyumba tu, bila kitu chini yake. Mkono hausafiri. Unalala palepale, unachora, na herufi inatokea juu ya kioo. Jioni nyingi Msusi alimwona ameinamia mashine akirudia mpigo uleule mpaka jasho linamtoka, naye akadhani anaufundisha mkono. Siku alipooneshwa sentensi ya kwanza, "Chai yako haina sukari, au daktari kakuhonga?", Msusi alikaa sakafuni akalia kwa sauti, na wateja wanamwona.

Ndiyo maana kioo kilipozima, hakuna aliyecheka tena chumbani mle.

Jioni ile akaja kaka mkubwa wa Katibu. Alikuwa mkandarasi wa majengo, mtu mzito, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa juu ya kelele za mashine za zege. Alisimama mlangoni kwa sababu kila kiti kilikuwa na mafungu ya nywele za bandia.

"Jumapili mchana nakuja na shangazi," alisema. "Nimeona nikukumbushe, shemeji."

"Nakumbuka."

"Sina ugomvi na wewe, ujue. Lakini ndugu yangu alianguka kwenye kiti hicho, akalala chini kama gunia, na wewe uko nyuma unaosha watu vichwa. Aliyemwona nani? Mteja!"

Ilikuwa kweli, na mteja yule alikuwa ameisambaza kila alikopita.

"Kwangu kuna nafasi," Mkandarasi aliendelea. "Kuna mtu wa kumwangalia mchana kutwa. Hapa anashinda kwenye harufu ya dawa za nywele, wanawake wanamcheka."

"Hawamcheki yeye. Wanacheka anayowaambia."

"Anayowaambia." Alilirudia neno hilo kwa upole uliouma kuliko tusi. "Shemeji, hicho kidude unakisoma wewe. Sisi tutajuaje kama si wewe unayesema?"

Katibu alipiga sakafu kwa mguu wake mzima, akatikisa kichwa, akatoa sauti ile yake ya kooni. Kaka yake akaenda akamshika bega. "Usijisumbue, mdogo wangu. Tulia. Tunajua." Machozi yalikuwa yamemlenga machoni, na Msusi angeweza kumchukia vizuri zaidi kama yasingekuwa ya kweli.

Shauri lilikuwa limekwisha kukatwa na shangazi yao, dada wa marehemu baba, ambaye neno lake katika ukoo ule halikuwa na rufaa. Jumapili Katibu aandike mbele yao, ajibu atakachoulizwa. Akijibu kama mtu mwenye akili zake, atabaki na mke wake na hakuna atakayelizungumza tena. Asipojibu, anakwenda kwa kaka yake, mji mwingine kabisa, na pensheni yake inamfuata. Katibu na Msusi hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo upande wao hapakuwa na mtu wa kusema.

"Atajibu," Msusi alisema. Hakumwambia kwamba mashine imezima.

Mkandarasi alipoondoka, Katibu akamvuta mkewe kwa upindo wa gauni. Kwa kidole kile kinachoyumba akaonesha kabati, na juu ya kabati picha ya watu waliojipanga mstari, kila mmoja ameinua mashine yake kifuani.

"Wenzako?" Msusi aliuliza. "Bado wanakutana?"

Katibu akafumba macho, akafumbua. Kwao hiyo ilikuwa ndiyo.

*

Walikutana Jumamosi, katika darasa la shule ya chekechea ambalo mmoja wao alikuwa na ufunguo wake. Watu wazima kama kumi walikuwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani, mashine zimelala mbele yao. Kabla ya neno lolote walisimama, wakazielekeza mashine pua kwa pua, zikatumiana majina ya wenyewe kwa mwanga usioonekana. Ndivyo walivyosalimiana. Mikono hawakupeana.

Msusi aliingia amekumbatia mkoba. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimtazama juu ya miwani hiyo.

"Mgeni anakaa nyuma, mama."

"Nina shida ya haraka, mzee wangu. Mashine imeharibika."

"Matatizo ya ufundi ni ajenda ya nne."

Akaenda nyuma, akakaa chini ya ukuta uliobandikwa michoro ya tembo na samaki. Wakasoma muhtasari wa mkutano uliopita. Wakabishana kama mwanachama aliyepokea simu mkutanoni apewe onyo au asamehewe, na aliyetuhumiwa akajitetea kwa kirefu kwamba aliyepiga alikuwa mama mkwe. Wakaingia kwenye swali la kioo: mashine iliyobadilishwa kioo bado ni ya asili, au si ya asili? Hapo sauti zikapanda. Mfamasia mmoja mwenye tai alisema ya asili ni ya asili, haina nusu, na mwingine akamwambia aende akaolewe na makumbusho. Wakacheka. Msusi alimfikiria Katibu aliyemwacha na jirani, akainua mkono kama mtoto wa darasa lile.

"Mama, bado tuko ajenda ya pili," Mwenyekiti alisema.

"Mimi ni mke wa Katibu."

Kelele zikakatika. Kisha viti vikakwaruza sakafu, watu wakasimama, "Shemeji! Shemeji, mbona hukusema!" Wakamleta mbele, wakampa kiti kilekile kidogo, ila sasa cha mbele. Katibu hajambo? Anaendeleaje? Tulisema tutakuja kumwona. Tulisema kweli, mwingine akadakia, sasa mambo haya, unajua tena. Msusi aliwaambia anajua. Akaitoa mashine mkobani, akaiweka mezani, na macho yote yakamwacha yeye.

"Toleo la kwanza," mtu alinong'ona.

Mfamasia akainama mpaka tai ikagusa meza. "Shemeji, siku ukitaka kuiuza, tafadhali usimpe mtu mwingine."

"Mwenyewe yuko hai."

"Ah, sikuwa na maana hiyo."

"Basi una maana gani?" Sauti ilimtoka Msusi kwa ukali, akaona aibu, akaishusha. "Ndugu zangu, huo ndio mdomo wake. Hana mwingine. Kesho wanakuja ndugu zake kumchukua, na asipoandika mbele yao wanaondoka naye. Mimi sijui habari za toleo. Nataka izungumze."

Walinyamaza vizuri, kama watu walioguswa, na kwa kweli walikuwa wameguswa. Mwenyekiti alitangaza kwamba ajenda zote zimeahirishwa. Fundi Saa, mtu mwembamba mwenye vidole virefu, ambaye ndiye aliyeaminiwa na chama kufungua mashine za watu, alikunja mikono ya shati akatandika kitambaa cheupe.

Walikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeivunja: mashine haifunguliwi kabla haijanakiliwa. Betri ikitoka, kumbukumbu yote inatoka nayo. Kwa hiyo Fundi Saa aliiunganisha kwanza na kompyuta yake, akaichomeka umeme, akaibembeleza mpaka ikakaa macho. Kisha akakunja uso. "Hebu njooni."

Walijaa mgongoni kwake. Kwenye kioo kikubwa zilijipanga herufi za Katibu, namna mashine ilivyozijua: A ambayo si paa, bali kibanda kilichoangukia upande, N kama mtu anayejikwaa, nyingine mikwaruzo tu.

"Kumbukumbu imeoza," Fundi Saa alisema. "Tazama, zote zimepinda. Sijapata kuona."

"Na Katibu mwandiko wake ulikuwa wa kutundika ukutani," Mwenyekiti alisema kwa huzuni.

Fundi Saa alitabasamu. "Lakini tuna bahati." Kila mwisho wa mwaka wanachama walikuwa wanaweka nakala ya mashine zao katika sanduku la chama, na ya Katibu ilikuwemo, ya mwaka ule kabla hajaugua, nzima, safi. "Naweka betri mpya, nairudishia hii. Itakuwa kama siku alipokuwa mzima. Huu uchafu naufuta, usije ukaingia tena." Akamgeukia Msusi. "Shemeji, niisafishe?"

Msusi alizitazama zile herufi zilizopinda. Zilimchukiza, zilifanana na ugonjwa wenyewe.

"Isafishe," alisema.

Walipomrudishia mashine ilikuwa imefutwa hata mikwaruzo ya nje. Walikataa malipo. Mwenyekiti akaiandikia jina lake kwa kalamu, mpigo kwa mpigo, na kila herufi ikatokea palepale bila kusita. Chama kizima kikapiga makofi. Msusi alitoka darasani pale akiwashukuru mmoja mmoja, na njiani alijikuta anaimba.

*

Katibu aliipokea kwa mkono wake wa kushoto, akaitazama ilivyong'aa, akatoa ile sauti ya kooni ambayo ilikuwa kicheko. Mkewe akavuta kiti karibu.

"Niandikie. Tangu Jumatano nyumba iko kimya kama msiba."

Akalaza mkono, akachora. Juu ya kioo ikatokea saba. Akafuta, akachora tena. Ikatokea alama ya kuuliza, kisha V, kisha kitu kisicho herufi. Alijaribu polepole. Alijaribu kwa kukandamiza. Baadaye akaacha kujaribu, akaenda kule ndani ya mashine ambako herufi zake hukaa, akazikuta zimesimama wima zote, nzuri, za mkono wa kulia. Akamtazama mkewe, na Msusi, kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, hakuelewa mumewe anasema nini.

Alimpigia simu Fundi Saa.

"Mpe taratibu, shemeji. Labda amesahau mipigo."

"Hajasahau! Alikuwa anaandika hadi Jumatano. Anaandika kwa mkono wa kushoto, unatetemeka, lakini ilikuwa inamwelewa."

"Kwa mkono wa kushoto," Fundi Saa alisema. "Shemeji, hukutuambia. Hapana, sisi hatukuuliza. Zile herufi... hazikuwa zimeharibika. Alikuwa ameifundisha mashine mkono wake ulivyo. Moja moja. Hiyo ni kazi ya miezi."

"Basi zirudishe."

"Nilizifuta."

"Si mnanakili kila kitu kabla ya kufungua?"

"Nilinakili. Nikaona ni uchafu. Ulinisikia nikikuuliza, shemeji." Kisha akaanza kulia kwenye simu, mtu mzima, na Msusi hakuwa na nafasi ya kumbembeleza.

*

Asubuhi Fundi Saa alikuwepo kabla Msusi hajafagia. Mpango wake ulikuwa wa mtu anayezama: kuifundisha mashine upya herufi chache tu, zinazotosha neno moja. Wakachagua neno. Katibu alichora kila herufi mara nyingi kadiri mashine ilivyotaka, Fundi Saa akiikubalisha, Msusi akimfuta jasho. Mkono ulishirikiana nao kwa herufi tano, kisha ukachoka, ukaanza kurukaruka kama samaki aliyetolewa majini. Wakauweka kwenye maji ya uvuguvugu. Wakiwa bado wanaukanda, gari likasimama nje.

Shangazi aliingia akiegemea mkono wa Mkandarasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye haki; hata Msusi alijua kwamba ni mwenye haki. Alimbusu Katibu kwenye paji la uso, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Baba yangu," alisema, "niambie unataka nini."

Katibu alilaza mkono. Herufi zilikuja moja moja, nzito, na Shangazi mwenyewe akazisoma kwa miwani yake: *nabaki*.

"Nabaki!" Msusi alirukia. "Shangazi, umeona? Kasema mwenyewe!"

Uso wa mama yule ulilegea. Akapapasa mkono wa Katibu, akataka kusema jambo, Mkandarasi akamtangulia.

"Shangazi, huyu bwana ni nani? Yuko hapa anafanya nini siku kama ya leo?" Alimwelekezea kidole Fundi Saa. "Wamemfundisha. Hata kasuku anafundishika. Muulize jambo ambalo hawakujua utauliza."

"Si kwamba amefundishwa yeye, imefundishwa mashine," Fundi Saa alisema, maneno yakimtoka mbiombio. "Ilikuwa na jedwali la mipigo yake, mimi nikarudisha nakala ya zamani, sasa inazo herufi tano tu, zile nyingine inazisoma kwa mkono wa kulia ambao..."

"Ni wa kile chama," Mkandarasi alimwambia shangazi yake, na hakuona haja ya kuongeza.

Shangazi aliinua kiganja, wote wakanyamaza. "Baba, siku tuliyomzika mama yako ulininong'oneza jambo. Hakuna mwingine anayelijua. Niandikie, hata kwa ufupi."

Machozi yalimtoka Katibu papo hapo. Alilikumbuka, Msusi aliona kwamba alilikumbuka. Akaandika kwa haraka, kwa hamu, kalamu ikigonga kioo, na juu yake zikajipanga namba na mikwaruzo. Akafuta. Akaandika tena, namba tena. Shangazi alisogeza miwani, akaisogeza tena. Mwishowe Katibu, kwa kukata tamaa, akaandika kile pekee ambacho mashine ingekipokea.

"Nabaki," Shangazi alisoma. "Sawa, baba. Lakini nimekuuliza habari za mama yako."

*Nabaki.*

"Mimi ni nani?"

*Nabaki.*

"Huyu hapa ni nani?" akamshika Mkandarasi mkono.

Katibu akatikisa kichwa kwa nguvu, akamtazama mkewe, akamtazama Fundi Saa, akachora zile herufi tano kwa namna ya mtu anayegonga mlango kwa ngumi. *Nabaki nabaki nabaki.* Shangazi akavua miwani, akajifunika uso kwa mtandio.

"Ni kosa langu," Msusi alisema. Alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Mimi ndiye niliyesema waisafishe. Akili yake ni nzima, shangazi, ni nzima kuliko yangu. Mpeni mwezi. Mwezi mmoja tu aifundishe tena."

"Mwanangu, hakuna anayekulaumu. Umechoka, inaonekana."

"Sijachoka! Ni mume wangu!"

"Alikuwa mtoto wetu kabla hajawa mume wako," Shangazi alisema, bila ukali wowote, akiwa bado amejifunika.

Mkandarasi alimwinua Msusi kwa kwapa, taratibu. "Akipona, shemeji, nitamrudisha kwa mikono yangu hii. Nakuapia." Naye aliapa kwa moyo mmoja. Kisha yeye na dereva wakambeba Katibu kwenye kiti chake, wakageuza kiti kwa upande ili kipite mlangoni, na chupa moja ya dawa ya nywele ikaanguka ikamwagika. Fundi Saa aliinama kuikota kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Walimweka nyuma, Shangazi pembeni yake. Msusi alimfungia vifungo vya shati, akampangusa mdomo. Mlango ukafungwa. Kwa mkono wa kushoto Katibu aliinua mashine, akakibana kioo chenye lile neno moja kwenye dirisha la gari kumwelekea mkewe, naye akakisoma, na gari lilipoanza kuondoka akaenda nalo hatua kwa hatua akiendelea kukisoma. Ndani, Shangazi alimtoa kile kidude mkononi taratibu, akamfuta machozi, akakitia kwenye mkoba wake kisije kikaanguka.